Kimbunga Kinapotangazwa, Nani Anabaki na Watoto?

Wamama wenzetu wa Bukavu, Goma, Uvira na kila mahali gazeti hili dogo linapofika, tunawasalimu. Sisi ni wamama wanane wa Kivu, ya Kaskazini na ya Kusini, na sasa tunakaa Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani. Hata huku hatukuacha likelemba. Tunakutana kila mwisho wa mwezi, tunakula bugali na sombe, tunahesabu pesa, tunaulizana habari za watoto.

Kila mwaka, tangu Juni 1 hadi Novemba 30, ni majira ya vimbunga huku. Na kila mwaka simu zenu zinatufikia: "Tumesikia upepo mkubwa unakuja kwenu. Mnafanya nini? Mbona hamkimbii?" Kwenye simu hatupati nafasi ya kujibu vizuri. Basi tumekaa pamoja na kuandika namna tulivyojitayarisha kwa kimbunga kilichoitwa Milton, mwezi wa Oktoba 2024. Hatuandiki ili mtuhurumie. Tunaandika kwa sababu jambo tulilolipanga siku zile linaweza kuwafaa hata ninyi, ambao upepo wa namna ile hauwafikii.

Mahali tunapofanya kazi

Orlando haina bahari. Mji uko katikati ya Florida, na kufika pwani, ya mashariki au ya magharibi, ni mwendo wa saa moja au mbili kwa motokari. Watu wa dunia nzima wanakuja hapa na watoto wao kwa sababu ya bustani za michezo. Walt Disney World ilifunguliwa mwaka 1971, SeaWorld mwaka 1973, na Universal mwaka 1990. Kuzunguka bustani hizo kuna hoteli nyingi sana, na hoteli hizo zinahitaji mikono. Ndipo sisi tulipopata kazi. Sita kati yetu wanatandika vitanda na kusafisha vyumba, wawili wako jikoni, wote katika hoteli moja ambayo jina lake tunaliacha.

Mgeni anakuja kupumzika. Hajui barabara za hapa, hana jirani, hana jiko chumbani. Upepo ukija, hana pa kwenda. Kwa hiyo hoteli haiwezi kufunga mlango na kumwambia kila mtu arudi kwake. Ni lazima watu fulani walale ndani pamoja na wageni: wa kupika, wa kusafisha, wa ulinzi, wa kurekebisha umeme. Kazini tunawaita kikosi cha kubaki. Wanaingia na nguo zao na dawa zao kabla ya upepo, wanalala hotelini, na hawatoki mpaka njia zifunguliwe.

Hapo ndipo penye ugumu kwa mama. Saa ile ile ambayo wageni wanahitaji mtu wa kuwatunza, watoto wake pia wanamhitaji. Na shule nazo zinafungwa.

Kimbunga ni kitu gani

Tueleze kidogo, maana wengine wanafikiri kimbunga ni mvua ya ngurumo iliyozidi. Kimbunga cha bahari kinapata nguvu kutoka maji ya bahari yaliyopata joto, kama digrii 26 au 27 na zaidi. Kinazunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka, lakini karibu kabisa na ikweta mzunguko huo hauna nguvu ya kukisokota. Ndiyo maana Kongo yetu, inayopitiwa na ikweta, haikijui. Msumbiji wanakijua: mwezi wa Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira na kuua watu wengi.

Wataalamu wanakipima kwa madaraja, tangu 1 hadi 5. Daraja la 1 linaanzia upepo wa kilometa 119 kwa saa. Daraja la 5 linaanzia kilometa 252. Ofisi ya serikali inayofuata vimbunga iko Miami, na inatoa habari mara kadhaa kila siku. Ikisema "tahadhari", maana yake kimbunga kinaweza kufika, na upepo mkali unaweza kuanza baada ya saa kama 48. Ikisema "onyo", maana yake kinategemewa kufika, na upepo mkali uko karibu, saa 36 hivi au pungufu.

Saa 48! Fikirieni, wamama. Sisi tuliokulia chini ya Nyiragongo au kwenye miteremko ya Kalehe, nani aliwahi kupewa saa 48? Mei 22, 2021, mlima ulipopasuka, watu wa Goma waliona anga jekundu jioni na wakakimbia. Mei 4, 2023, maji na mawe yalishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Hapa Florida tunapewa siku kadhaa za kujua. Tuliona ni aibu kupewa siku hizo na kuzimaliza kwa hofu na kukimbilia dukani.

Siku nne za Milton

Jumamosi, Oktoba 5, kimbunga kilipewa jina katika Ghuba ya Meksiko. Jumatatu, Oktoba 7, kilikuwa kimeshafika daraja la 5, upepo wake kilometa karibu 285 kwa saa. Siku mbili tu! Na watu walikuwa bado na uchungu, kwa sababu kimbunga kingine, Helene, kilikuwa kimepita Septemba 26. Helene kiliua zaidi ya watu 200 katika majimbo mbalimbali, na wengi wao hawakuwa wa pwani. Walikuwa milimani, North Carolina, mbali sana na bahari, ambako mvua ilijaza mito na kubomoa udongo. Tuliposikia habari hizo, wale wetu wa Kalehe walinyamaza. Walijua mlima ukilowa unafanya nini.

Serikali iliwaagiza watu wa pwani ya magharibi kuondoka, mamilioni ya watu. Wengi walikuja upande wetu, vyumba vikajaa. Vituo vingi vya mafuta vilibaki vikavu. Maji ya chupa yakaisha kwenye maduka makubwa.

Hotelini kazi ilibadilika. Tuliacha kupanga maua na mito ya mapambo. Wanaume waliondoa viti na miavuli yote kando ya mabwawa ya kuogelea, maana kiti cha plastiki kwenye upepo mkali kinakuwa kama jiwe lililorushwa. Vibao viliteremshwa, mashua zikafungwa, mifuko ya mchanga ikawekwa kwenye milango ya chini. Sisi tulipeleka mashuka, taulo na karatasi za chooni za siku tatu kwa kila chumba, ili mgeni asitoke kutafuta. Jikoni walifunga vyakula visivyohitaji moto kwenye masanduku, kwa sababu mikahawa ingefungwa. Chini ya kila mlango tulipitisha karatasi yenye maelekezo: kaa ndani, funga mapazia, usikae karibu na kioo, jaza maji katika beseni la kuogea.

Nyumba za mbao na viwanja vya kambi havingoji. Disney ilitangaza kwamba sehemu yake ya kambi, Fort Wilderness, itafungwa Jumatano Oktoba 9 saa tano asubuhi, na bustani zake kubwa zikafungwa mchana wa siku hiyo. Universal pia ilifunga mchana huo. Uwanja wa ndege ulikuwa umeshasimamisha safari za abiria tangu asubuhi. Mgeni ambaye hakuondoka Jumanne alikuwa amebaki na sisi.

Karatasi iliyotugawanya

Jumapili jioni mkubwa wa kazi alileta karatasi. Kila mtu aandike: atabaki hotelini au atakwenda nyumbani? Atakayebaki atalipwa saa zote pamoja na nyongeza. Atakayekwenda nyumbani atatumia siku zake za likizo, na asiye na likizo atapoteza mshahara wa siku mbili au tatu.

Wamama, mnaelewa jambo hili bila kuelezwa. Mwenye mume nyumbani anaweza kuandika jina lake na kupata pesa. Mwenye kulea peke yake hawezi. Mama wa mtoto mchanga hawezi. Kwa hiyo pesa ya kimbunga inakwenda kwa aliye na nafuu, na hasara inakwenda kwa aliye na mzigo. Katika vimbunga vilivyotangulia kila mmoja wetu aliamua peke yake, na baadaye kukawa na manung'uniko: "Fulani alinunua friji kwa pesa ya kimbunga, mimi nilikopa pesa ya kodi ya nyumba."

Usiku ule ule tuliitana nyumbani kwa mama mzee wetu, yule anayetunza daftari la likelemba. Alisema, "Tunaweka pesa pamoja kila mwezi. Mbona upepo tunaukabili kila mtu kivyake?" Tuliorodhesha tulichokuwa nacho: wamama wanane, watoto kumi na tisa, motokari tatu, nyumba sita za kupanga. Mmoja wetu anakaa katika nyumba ya kuhamishika, zile zenye kuta nyembamba zinazosimama juu ya vyuma. Serikali inasema wazi kwamba nyumba hizo si za kulala ndani kimbunga kinapokuja, hata kikiwa kidogo. Yeye alikuwa na watoto wanne, na mdogo ana ugonjwa wa pumu, anatumia mashine ya umeme ya kuvuta dawa.

Tukakubaliana: wamama watatu wabaki hotelini, watano wakusanye watoto wote katika nyumba moja. Nyumba tuliyoichagua ni ya matofali ya simenti, imeinuka kidogo, haikupata mafuriko hata mwaka 2022 wakati kimbunga Ian kiliposababisha mafuriko Orlando na Kissimmee. Ndani ina korido isiyokuwa na dirisha, na hapo ndipo pa kujificha.

Lakini mmoja wetu alikataa. Wakubwa wa kazi walimtaka jikoni kwa sababu ana uzoefu, na pesa ile alikuwa akiihitaji kuliko sisi wote. Akasema, "Mimi siachi mtoto wangu kwa mtu tena."

Tulijua kisa chake. Alikuwa Goma mwaka 2021. Mlima ulipopasuka Mei 22, watu walikimbia, wakarudi. Kisha Mei 27 asubuhi serikali iliagiza kartie kumi za mji ziondoke mara moja, kwa hofu ya mlipuko mwingine. Barabara ya Sake ilijaa watu kama mchanga. Yeye alikuwa sokoni, watoto walikuwa kwa jirani. Jirani alifanya vizuri, aliwachukua akakimbia nao. Lakini katika msongamano mvulana wake wa miaka minane aliachana na wenzake. Alimtafuta siku tatu. Alimkuta Minova, kwa mama asiyemjua, amekaa mlangoni na kikombe cha uji. Siku hizo watoto wengi walipotezana na wazazi, na wengine walichukua muda mrefu zaidi kupatikana.

Hakuna aliyemwambia kwamba anaogopa bure. Mama mzee alimuuliza tu, "Siku ile ungependa jirani yako awe na nini?" Akafikiri, halafu akaanza kuhesabu kwa vidole. "Ningependa awe na namba yangu kwenye karatasi, si kwenye simu iliyozimika. Ningependa kila mtoto ajue jina langu kamili, si 'Mama' tu. Ningependa tuwe tumesema mahali pa kukutania. Na ningependa mtoto mkubwa apewe mdogo wa kumshika mkono, asiachie."

Hiyo ndiyo ikawa mpango wetu. Na yeye mwenyewe tukamweka mkubwa wa nyumba ya watoto. Hakwenda jikoni hotelini.

Tulivyogawana pesa

Bado kulikuwa na swali la mshahara. Tulilimaliza kabla ya upepo, kwa sababu baada ya upepo kila mtu anakumbuka anavyotaka. Watatu waliobaki hotelini wangepata mshahara na nyongeza. Tukasema: mshahara wa saa za kawaida ni wao, lakini nyongeza yote itaingia katika kikapu, na kikapu kitagawanywa kwa watano wanaolinda watoto. Mmoja wa wale watatu aliuliza kama hiyo ni haki, maana wao ndio watakaofanya kazi. Mama mzee akajibu, "Na hawa watakuwa wanafanya nini? Watoto kumi na tisa, giza, upepo, mmoja ana pumu. Ukiona hiyo si kazi, tubadilishane." Tulicheka, na yule dada akaandika jina lake kwanza katika daftari.

Tumelisema jambo hili kwa urefu kwa sababu tunaona ndilo kubwa. Kulinda watoto wakati wa hatari ni kazi. Mara nyingi inafanywa na mama ambaye hakuna anayemlipa, na pesa inakwenda kwa yule aliyeweza kumwachia watoto. Tukitaka kusaidiana kweli, mizani lazima ipimwe kabla.

Vitu tulivyotayarisha

Jumatatu na Jumanne tuligawana kazi. Maji: tulihesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku, kwa siku tatu au zaidi. Hatukupanga foleni ya maji ya chupa; tuliosha bidoni na sufuria na kujaza maji ya bomba mapema. Beseni la kuogea tulilijaza kwa ajili ya choo. Chakula: mikate, karanga, ndizi, maharagi yaliyopikwa, samaki wa mkebe, maziwa ya unga. Friji ya barafu tuliijaza chupa za maji, maana ikijaa na isipofunguliwa inaweza kushika baridi kama siku mbili umeme ukikatika, lakini friji ya kawaida ni saa nne tu.

Karatasi za watu: vyeti vya kuzaliwa, karatasi za ukimbizi, kadi za chanjo, zote ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa na kuwekwa kwa mtu mmoja. Pesa taslimu kidogo, kwa sababu umeme ukikatika mashine za benki hazitoi. Tochi na betri. Simu zote zijazwe moto, mbili zizimwe na kuhifadhiwa. Kwa mtoto wa pumu tuliomba kwa daktari dawa ya kuvuta bila umeme, na tukauliza ni shule ipi iliyofunguliwa kuwa makimbilio ya wagonjwa wenye kuhitaji umeme, tukaiandika njia yake.

Kisha yule mama wa Goma alikaa na watoto. Kila mmoja alisema jina lake, jina kamili la mama yake, na namba ya simu kwa kichwa. Wadogo wasioweza, aliwaandikia kwenye mkono kwa kalamu ya wino usiotoka haraka, na tena kwenye kipande cha kitambaa alichoshona ndani ya nguo. Aliwapanga wawili wawili, mkubwa na mdogo. Akawaambia mahali pa kukutania: kwanza mlango wa shule ya kartie, na kama pale hapafai, mlango wa kanisa la upande wa pili. Watoto walirudia kama wimbo mpaka wakachoka.

Usiku wenyewe

Jumatano saa mbili na nusu usiku kimbunga kiliingia nchi kavu karibu na Siesta Key, kusini mwa Tampa. Kwenu Bukavu ilikuwa saa nane na nusu usiku, na tunajua wengi wenu hamkulala. Kilikuwa kimepungua hadi daraja la 3. Lakini kabla hakijaingia, mchana, tonado zilikuwa zimepiga upande mwingine kabisa wa Florida, na watu 6 walikufa katika kaunti ya St. Lucie, pwani ya mashariki. Ramani ya televisheni inaonyesha mchoro kama mdomo wa tarumbeta, na watu wanafikiri aliye nje ya mchoro yuko salama. Sivyo. Mchoro unaonyesha tu njia ambayo kiini cha kimbunga kinaweza kupita. Upepo na mvua vinafika mbali zaidi ya hapo.

Hotelini wenzetu watatu walipeleka magodoro ya ziada, waliwapa kahawa wazee wasiopata usingizi, walikausha maji yaliyopenya chini ya milango. Watoto wa wageni walikuwa wakicheza kwenye korido na kuuliza bustani itafunguliwa lini. Mwenzetu mmoja alikuwa akimfunika mtoto wa mgeni huku akijua wake wanafunikwa na mwingine. Alituambia baadaye, "Niliweza kufanya kazi kwa sababu nilijua hasa wangu wamelala wapi na nani amewashika."

Nyumbani upepo ulivuma usiku kucha kama lori lisilopita. Umeme ulikatika kabla ya saa sita. Watoto walilala kwenye korido, miguu juu ya miguu. Yule wa pumu alikohoa, akapewa dawa yake, akatulia. Mvulana wa Goma, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na moja, alikuwa amepewa msichana wa miaka mitatu. Alilala amemshika mkono, na asubuhi vidole vyake vilikuwa bado vimefunga.

Kulipopambazuka tulihesabu: kumi na tisa.

Nyumba ya kuhamishika ya mwenzetu ilikuwa imepoteza sehemu ya paa, na mvua ilikuwa imeingia chumba cha watoto. Kitanda cha mdogo kilijaa maji. Mama yake alikitazama kwa muda mrefu, halafu akaomba msaada wa kukitoa nje.

Baada ya upepo

Hatari haiishi upepo unapotulia. Tuliwakataza watoto kutoka, kwa sababu waya za umeme zilikuwa zimeanguka kwenye maji, na maji ya mafuriko yanaficha mashimo na misumari. Jirani mmoja alitaka kuwasha jenereta ndani ya nyumba kwa sababu mvua ilikuwa bado inanyesha. Tulimzuia. Moshi wake una sumu isiyokuwa na harufu, mtu anasinzia na haamki tena. Wamama wa nyumbani, hili ni letu sote: jenereta haiwashwi ndani, na mbabula wa makala hauingizwi katika chumba kilichofungwa, hata baridi iwe kali namna gani.

Ijumaa, Oktoba 11, bustani kubwa zilifunguliwa tena na wageni wakaenda kucheza. Sisi tulikausha magodoro. Mwisho wa mwezi mshahara ulipotoka, wale watatu walileta nyongeza yao mezani bila kukumbushwa. Tuligawanya kama ilivyoandikwa. Mama wa nyumba iliyoharibika aliongezewa kutoka mfuko wa likelemba, na zamu yake ikasogezwa mbele.

Tunalowaomba

Ninyi hamna kimbunga cha bahari. Lakini mna mlima, mna mito, mna miteremko, na mna siku ambazo watu wanakimbia kwa sababu nyingine mnazozijua kuliko sisi. Hamtapewa saa 48. Ndiyo sababu tunasema mpango ufanywe siku ya utulivu.

Katika mkutano wenu unaofuata, kabla ya kuhesabu pesa, chukueni karatasi moja na mjibu maswali manne. Kama hatari inakuja wakati wewe uko sokoni au shambani, nani atachukua watoto wako, na yeye anajua? Mtakutana wapi kwanza, na wapi kama pale hapafikiki? Kila mtoto anajua jina lako kamili na namba moja ya simu? Na yule atakayebaki na watoto wa wenzake, chama kitamlipa nini?

Swali la nne msiliache kwa sababu ni la pesa. Ndilo linalofanya matatu ya kwanza yadumu. Likiandikwa katika daftari na kila mmoja akatia sahihi au kidole, mama anayeshika watoto hatakuwa mtu wa kuonewa, na mama aliye kazini hatakuwa mtu wa kulaumiwa.

Tuandikieni mlivyopanga. Tutasoma katika likelemba yetu ya mwezi ujao, na majira ya Juni yakifika tutatumia mawazo yenu pamoja na yetu. Wasalimieni watoto, mmoja mmoja, kwa jina lake.